Vifungo Sita vya Sweta

Kila asubuhi, kabla hajabandika maji ya chai, shangazi yangu huvuta kopo la vifungo kutoka chini ya meza, huchota viganja viwili au vitatu bila kutazama, na kuvimimina katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Huiinua dirishani na kuigeuza mara moja tu. Kisha huandika namba kwenye kipande cha karatasi, hukikunja mara mbili, hukitia mfukoni. Hahesabu. Akishamaliza chai ndipo humwaga vifungo mezani, huvipanga kumi kumi, na kutoa kikaratasi aone amekosea kwa ngapi.

"Leo nimezidisha tisa," huniambia, kama anayesoma habari za mvua.

Vifungo vilikuwa vya marehemu mume wake, fundi cherehani. Aliondoka akamwachia mashine iliyokataa kushona na kopo hilo. Vimo vya makoti, vya mashati, vya mito, vyenye matundu mawili na vyenye manne, na kimoja cha shaba ambacho hakuna anayejua kilitoka nguo gani. Shangazi hapendi kuvichambua.

"Vingekuwa sawa vyote, mtoto angekariri," husema. "Vikiwa mchanganyiko, atafikiri apende asipende."

Kwa miaka ishirini na sita alifundisha darasa la kwanza, na kwa miaka yote hiyo watoto walimwita Mwalimu Vifungo. Somo la hesabu lilianza kwa chupa. Aliiweka juu ya meza, na pembeni yake akaweka vifungo kumi kwenye kisahani. "Hii ni kumi," alisema. "Humo ndani kuna kumi ngapi?" Kila mtoto alikisia, na kila kisio liliandikwa ubaoni pamoja na jina la mwenyewe. Kisha akauliza kwa nini. Ndipo kelele zilipoanza. Mmoja alisema vifungo vikubwa vinakula nafasi, mwingine alisema jana chupa ilifika shingoni na vilikuwa hamsini, leo imefika begani, basi lazima vipungue. Walipokwisha kubishana walihesabu, na kila mtoto akatafuta mwenyewe tofauti ya kisio lake na hesabu yenyewe. Kujumlisha na kutoa kukaingia humo bila kupiga hodi.

Sheria ilikuwa moja tu darasani kwake: kisio halifutwi. Hata likiwa la ajabu namna gani, linakaa ubaoni mpaka kengele ya kutoka.

Mwaka jana alikuwa na binti mmoja ambaye kila siku, chupa iwe imejaa au ina vifungo vinane, alikisia milioni. Wenzake wakambandika jina hilo hilo.

"Milioni, milioni moja ingeingia humu?"

"Ikisukumwa, Mwalimu."

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani, na milioni ikaandikwa ubaoni kama makisio mengine yote. Kufikia katikati ya mwaka Milioni alikuwa ameshuka hadi elfu moja. Shangazi alirudi na habari hiyo nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Katika shule hiyo alikuwepo pia mwalimu kijana wa kike ambaye watoto walimwita Mwalimu Mdogo. Naye alikuwa amepita mikononi mwa shangazi, katika chumba hicho hicho, zamani. Shangazi alipenda kusimulia jinsi alivyokuwa: alikuwa mwepesi wa kuhesabu kuliko wote, lakini kisio lake likikosea alilia. Wakati wa mapumziko alirudi darasani kwa kunyata, akafuta namba yake ubaoni na kuandika ile sahihi. Shangazi alimkuta mara tatu na chaki mkononi.

"Nilimwambia, mwanangu, hujakosea, umekisia. Akanijibu, 'Lakini wataiona.'"

Alipomaliza chuo cha ualimu akaomba kufundisha pale pale. Alimwita shangazi Mama. Jumapili alikula kwetu, ninapoishi na shangazi, akajua sahani zinakaa wapi, akawa anafungua jokofu bila kuomba ruhusa. Shangazi alimpa ufunguo wa pili wa kabati la darasani, lile lenye chupa, visahani na daftari za maswali aliyoyatunga mwenyewe. Baba yangu, ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, hajawahi kupewa hata ufunguo wa geti.

Kisha vikaja vitabu vya mazoezi kutoka ofisi ya elimu. Kila ukurasa ulikuwa na hesabu ishirini na visanduku ishirini vya kujaza. Mwalimu mkuu alimwita shangazi ofisini.

"Mama, mimi sina ugomvi na vifungo vyako. Lakini wenzetu wa ofisini wanataka darasa lote lifuate kitabu."

"Watoto wangu wanajua kutoa na kujumlisha."

"Basi waonyeshe. Mkaguzi anakuja Alhamisi, kipindi cha kwanza. Akiridhika, chupa inabaki, na darasa la pili nao wataanza. Asiporidhika, chupa iende stoo."

Shangazi alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Alitaka kitu kimoja tu, kuiacha chupa darasani siku atakayotoka. Na aliyetaka kumwachia chupa hiyo ni Mwalimu Mdogo.

Jumatano, kwa kuwa asubuhi ya kesho yake ingekuwa na haraka, alivunja desturi yake. Alijaza chupa ya darasani mchana, baada ya vipindi, kwa vifungo alivyotoka navyo nyumbani. Akaigeuza mara moja, akaandika tisini kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni mwa koti lake la kazi. Chupa akaifungia kabatini. Mwalimu Mdogo ndiye aliyebaki na watoto mpaka wazazi walipokuja kuwachukua.

Alhamisi kulikuwa na baridi. Milioni alikuja sweta limefunguka wazi, halina kifungo hata kimoja, limeshikwa na pini iliyokuwa inamchoma kidevuni. Shangazi alifungua kabati, akachomoa chupani vifungo sita vyeusi vya koti, akamsimamisha binti kati ya magoti yake na kuvishona kimoja kimoja, huku akimwambia asicheke maana sindano haina macho. Alipomaliza alikumbuka kikaratasi. Chini ya tisini akaandika: toa sita, themanini na nne. Akakirudisha mfukoni.

Mkaguzi alikuwa mwanaume mpole mwenye faili la kijani. Alikaa nyuma, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu mkuu alisimama dirishani, na Mwalimu Mdogo alisimama mlangoni, kwa sababu alisema asingekubali kukosa.

Shangazi aliweka chupa mezani, na kisahani chenye kumi pembeni. "Humo ndani kuna ngapi? Nani ataanza?"

Mikono yote ilipanda, na jambo hilo halikuwa la kawaida. Kila siku kuna wanaosubiri kuona wenzao wataenda upande gani.

"Sabini na nne," akasema wa kwanza.

"Sabini na nne," akasema wa pili.

Shangazi aliandika. Wa tatu akasema hivyo hivyo, na wa nne. Walikuwa wanatabasamu, wanakanyagana miguu chini ya madawati kama watoto waliomfichia mtu zawadi. Chaki ilianza kuwa nzito. Akamtazama yule ambaye angemwokoa.

"Milioni, wewe je?"

Binti alisimama katika sweta lake lililofungwa vizuri, akashusha pumzi.

"Sabini na nne, Mwalimu."

Shangazi aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua. Kabla ya kuhesabu, kabla ya lolote. Aliandika namba ya Milioni ubaoni, chini ya nyingine zote, akauliza kama kawaida, "Kwa nini?" Watoto wale waliokuwa wakirushiana maneno kuhusu shingo na bega la chupa walimtazama tu. Hakuna aliyekuwa amewapa sababu.

Wakahesabu. Kumi kwenye kila kisahani. Visahani sita vikajaa, cha saba kikapata vifungo vinane.

"Sitini na vinane," akasema shangazi.

"Haiwezekani!" akasema mtoto wa mbele.

"Chupa imekosea," akasema mwingine, na mkaguzi akacheka.

Walihesabu tena. Vikawa sitini na vinane vile vile. Ndipo Milioni, aliyekuwa anajitazama kifuani, akapiga kelele ya furaha.

"Mwalimu, vyangu je? Mimi nimevaa!" Akavigusa kuanzia juu. "Sitini na tisa, sabini, sabini na moja, sabini na mbili, sabini na tatu, sabini na nne! Vimetimia!"

Darasa zima likapiga makofi. Lilikuwa tatizo zuri kuliko yote waliyopata kuyatatua mwaka ule, na walilitatua wenyewe. Mkaguzi hakupiga makofi. Aliandika kwenye faili.

Vifungo vilikuwa sabini na vinne tangu Jumatano mchana mpaka Alhamisi asubuhi. Katika muda huo chupa ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa na funguo mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza. Shangazi aligeuka kuelekea mlangoni. Mwalimu Mdogo alikuwa anatazama viatu vyake.

Watoto walipotoka nje, watu wazima wanne walibaki chumbani.

"Mwalimu," alisema mkaguzi, bila ukali, "watoto kukisia namba moja wote, na namba yenyewe iwe ya kabla hujatoa vifungo vya sweta... Uliwaambia jana, ukasahau kwamba leo umepunguza."

"Mimi sikujua vilikuwa vingapi," alisema shangazi. "Huwa sihesabu kabla yao."

"Kuna aliyehesabu."

"Ndiyo. Kuna aliyehesabu."

Mwalimu mkuu alikohoa. Shangazi alikuwa ameingiza mkono mfukoni mwa koti, na vidole vilikuwa vimeshika kikaratasi. Alimtazama Mwalimu Mdogo, si kwa hasira, anasema, bali jinsi alivyomtazama zamani alipojikwaa kwenye swali la ubaoni na jibu liko njiani. Dada wa watu alifungua mdomo. Kisha akasema, "Nikawaangalie watoto huko nje," akatoka.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua. Ilisema watoto wamekaririshwa majibu. Ilisema mbinu ya chupa haipimiki. Shangazi alihamishiwa stoo, kutunza chaki, madaftari na mipira, mpaka atakapostaafu. Darasa la kwanza likapewa Mwalimu Mdogo, pamoja na vitabu vya visanduku. Ufunguo wa pili uliletwa ndani ya bahasha na mhudumu wa ofisi. Ndani hamkuwa na neno.

Jumapili ya kwanza shangazi aliandaa sahani tatu. Ya pili, mbili. Mimi nilijifanya sijaona.

Walikuja kuonana uso kwa uso baada ya mwezi, kwa sababu chaki huisha.

"Shikamoo, Mama. Naomba boksi mbili."

"Marahaba. Saini hapa."

Mwalimu Mdogo alishika kalamu asisaini. "Mama, mimi nilitaka tu wapate."

"Wapate nini?"

"Jibu. Niliogopa watakisia ovyo mbele ya mkaguzi. Milioni yule angesema milioni, wangekucheka. Nikawaambia watoto ni zawadi yako, wasikwambie."

"Angesema elfu moja," alisema shangazi. "Ameshuka. Na wangecheka, halafu tungehesabu."

"Nilikusudia kukusaidia."

"Hilo naliamini. Na mkaguzi alipouliza?"

Mwalimu Mdogo alitazama tena viatu. "Niliogopa wataniona mimi ni mtu wa namna gani."

"Saini hapo juu ya mstari, mwanangu. Boksi mbili."

Alisaini, akachukua chaki zake. Shangazi anasema jambo lililomuuma zaidi siku hiyo ni kwamba bado lilimtoka lile neno, mwanangu, na hakuweza kulirudisha.

Wako watu wanaomlaumu. Baba yangu alisema dada yake ni mjinga kwa kiwango cha kupewa cheti. Majirani walisema asingefumba mdomo angekuwa darasani mpaka leo. Milioni, aliyeko darasa la pili sasa, hupita stoo wakati wa mapumziko na kukisia chaki zilizomo kwenye boksi lililofunguliwa. Juzi alisema arobaini. Zilikuwa thelathini na saba. Shangazi alirudi na habari hiyo nyumbani, lakini hakuisimulia kwa sauti ile ya zamani. Aliisema mara moja, akaenda kuosha mikono.

Mimi si mtu wa kuuliza. Niliishi na jambo hili karibu mwaka mzima nikilizunguka. Kisha, nilipokuwa natafuta kifungo cha blauzi yangu, nikakuta chini kabisa ya kopo kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. Tisini. Toa sita. Themanini na nne. Mtu aliyewapa watoto sabini na nne asingeandika hivyo. Mkaguzi angekisoma kwa nusu dakika, na barua ile isingeandikwa.

Asubuhi iliyofuata nilisubiri mpaka amwage vifungo mezani. Nilikiweka kikaratasi mbele yake.

"Shangazi, kilikuwa mfukoni. Kwa nini hukukitoa?"

Hakukigusa. Alisogeza kifungo cha shaba, akakamilisha kumi ya nne, akaanza ya tano.

"Nilikisia atasema," alijibu.