Shuka Nilizozifukiza Udi

Mwanangu, jana uliponiambia kwamba bosi wako amesafiri na kukuachia funguo za nyumba yake ya Mutanga Nord, na kwamba wewe na mkeo mnalala kwenye kitanda cha wenyewe, "lakini tunasafisha kila kitu, Bibi," nilinyamaza. Ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka siku moja uani kwetu Buyenzi, shuka mbili nyeupe ziko kwenye kamba, na mimi nimesimama pembeni mikono kiunoni, najisifu moyoni. Sijawahi kufua vizuri kama siku ile. Na katika mambo yote niliyoyafanya ujanani, na nimefanya mengi, hakuna ninalolijutia kama kufua kule.

Kaa basi nikueleze. Chai ipo, na mvua haitakuruhusu kutoka.

Ilikuwa kabla ya vita. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeolewa na babu yako Saidi kwa miezi mitano. Alikuwa fundi kwenye gereji ya Mzee Ramadhani, hapa hapa Buyenzi, na tuliishi kwa mama yake. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia, na upande wa pili walilala wifi zangu wawili. Unajua kunong'ona miezi mitano kunaifanya nini ndoa? Hata kugombana tuligombana kwa macho. Mama mkwe alikuwa mwema, Mungu amrehemu, lakini alikuwa na masikio: asubuhi aliweza kunijibu jambo nililomwambia mwanawe kitandani.

Mwanzoni mwa mwaka ule waliingia gerejini wazungu wawili, mume na mke, watu wa mvi. Tuliwaita Monsieur Piet na Madame Hanna. Walikuwa wametoka kwao Ulaya kwa barabara, miezi na miezi, ndani ya gari ambalo lilikuwa nyumba kabisa. Ndani mlikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko dogo la gesi, kabati na mapazia ya maua. Mafundi waliliita "Nyumba" tangu siku ya kwanza. Giaboksi yake ilikuwa imechoka, na kipuri chake ilibidi kiagizwe mbali.

Kabla kipuri hakijafika, Madame akaugua. Wakapanda ndege kurudi kwao kwa matibabu. Monsieur akamkabidhi Mzee Ramadhani funguo, akasema wangerudi wote wawili kumalizia safari. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Kipuri kikaja. Saidi akafunga giaboksi, gari likawa zima, wenyewe kimya. Mwezi wa nne Mzee alikwenda Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake, akamwachia Saidi funguo. Mafundi wana kitu wanakiita ese, yaani kulijaribu gari barabarani kabla ya kumrudishia mwenyewe, na mahali pa kujaribia palikuwa mlima wa Gihosha. Giaboksi ikipanda pale bila kulia, imepona.

"Kila wiki uipandishe mpaka Gihosha, urudi," Mzee alimwambia. "Usipitilize pale."

Sasa watu wakisikia kisa hiki husema Saidi aliniponza. Lakini mimi nitakuambia ukweli. Siku Saidi aliponiambia nije nilione gari likipanda Gihosha, nilibeba kikapu chenye kilo tatu za mchele, maharage, sukari na majani ya chai. Mtu haendi Gihosha na kilo tatu za mchele. Na mama mkwe nilikuwa nimeshamwambia tunakwenda Ngozi kumwamkia shangazi yangu.

Gari lilipanda bila kulia. Juu kule Saidi akapunguza mwendo.

"Tugeuze sasa," akasema.

"Apana. Endelea kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Mpaka mi nitakuambia."

Alinitazama, akaona kikapu, akacheka mpaka akaegemea usukani. Kisha akashuka, akaingia chini ya gari na kuchomoa waya wa kompta, ile saa inayohesabu kilomita. Hapo ningepaswa kusema turudi, kwa sababu mtu anayefanya jambo safi haingii chini ya gari kuziba mdomo wa kompta. Lakini nilikaa kitini nikajitengeneza kilemba kwenye kioo cha Madame.

Tulikaa siku saba huko kaskazini. Ilikuwa mwisho wa itumba, mvua ndefu zinaanza kuchoka: asubuhi inanyesha, mchana jua linawaka, na kila kitu kimechipua. Tulipita Bugarama ndani ya ukungu, tukaingia msitu wa Kibira, tukaegesha pembeni mwa barabara ya mashamba ya chai ya Teza. Tumbili walikuja kukaa juu ya paa. Siku ya pili tulikwama kwenye tope, na wanawake waliokuwa wakichuma chai wakaja kutusukuma. Mmoja alichungulia ndani, akaona kitanda, akauliza kwa Kirundi mama mkwe tumemweka wapi. Walicheka wote, nami nikacheka kwa sauti, na nikashtuka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeisahau.

Baada ya hapo tulishuka Kayanza, tukapita Ngozi bila kumwamkia shangazi, tukafika Kirundo kwenye lile ziwa la ndege. Korongo walikuwa wengi majanini, wanarukaruka wakichezeana. Pale ndipo Saidi na mimi tuligombana kwa mara ya kwanza kwa sauti, tena kwa ajili ya chumvi ya maharage. Tulipayuka saa nzima na hakuna mtu aliyetusikia. Raha niliyoipata siwezi kukueleza. Nilimpenda babu yako ndani ya gari lile, nasema wazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeolewa naye tu.

Lakini kuna jambo moja la siku ya kwanza. Jioni ile, nilipokuwa natandika, nilikuta mto una nywele mbili ndefu nyeupe, na unanuka dawa ya kuchua, ile ya majani, pamoja na kitu kingine kama sabuni ya zamani. Shuka nazo zilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelala muda mrefu upande mmoja. Nikasema, "Wazungu nao!" Nikazishika zile nywele kwa ncha za vidole, nikafungua dirisha, nikazikung'uta nje. Upepo ukazichukua na mimi nikaendelea na kutandika.

Tuliporudi tulifanya usafi, kama wewe unavyofanya. Saidi aliosha gari lote, akarudisha waya wa kompta. Mimi nilichukua shuka na foronya, nikafua maji matatu kwa sabuni ya mche na buluu, nikaanika, nikapiga pasi ya mkaa. Mto wenyewe niliutoa juani siku nzima. Mwisho nikawasha chetezo, nikafukiza vyote kwa udi, ule mzuri niliopewa siku ya harusi. Sikufanya hivyo kwa kuficha tu, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma. Niliona nimekaa kwenye kitanda cha mama mwenzangu na ninamrudishia kikiwa kizuri zaidi. Niliona nimelipa.

Mzee Ramadhani akarudi, akalizunguka gari, akasoma kompta, akamsifu Saidi kwa usafi. Wiki tatu zikapita na mioyo yetu ikatulia.

Siku aliyokuja Monsieur Piet nilikuwa gerejini, nimempelekea Saidi ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Alikuja peke yake, amekonda, shati limemzidi. Mzee alimshika mkono, akamuuliza Madame hajambo. Monsieur akatikisa kichwa. Alisema Madame alifariki wiki mbili baada ya kufika kwao. Mafundi wakaacha nyundo, Mzee akasema innalillahi, na mimi, Mungu anisamehe, wazo lililonijia ni kwamba angalau maskini huyu atakuta pasafi.

Alichukua funguo, akapanda ndani ya Nyumba, akafunga mlango. Tulisubiri. Mzee alitukataza kupiga kelele. Baada ya muda mlango ukafunguka na Monsieur akashuka na mto ameukumbatia kifuani. Akauliza kitu kwa Kifaransa, taratibu, na Mzee akatutafsiria.

"Anauliza ni nani alifua."

Saidi alidhani anataka kushukuru. Akajibu haraka, "Tulimutengenezea, Mzee. Tuliona ni muzuri akute safi."

Monsieur alisema maneno machache zaidi. Mzee Ramadhani alivua kofia kabla ya kutafsiri.

"Anasema alikuja kulala pale bibi yake alilala. Anasema ku nyumba yao kule Ulaya, watoto walishafua kila kitu. Ilibakia hapa tu."

Hakutukemea yule mzungu. Laiti angetukemea. Aliingia tena ndani, akatoka na shuka amezikunja vizuri, akaziweka juu ya meza ya spana, na mto wake juu. Akampa Mzee mkono, akampa Saidi mkono, akaniinamia mimi kichwa. Kisha akaliwasha gari, giaboksi ikaingia bila kulia, akaondoka. Ndani ya gari lile udi wangu ulikuwa bado unanukia. Niliusikia alipopita.

Mzee Ramadhani alimtuma kila fundi kazi, tukabaki watatu. Alizinusa zile shuka mara moja. Hapakuwa na haja ya maswali mengi, udi hauchomwi gerejini.

"Ni nani?"

"Njo mimi, Mzee," nikasema, na nikamweleza yote, kikapu, Gihosha, kompta, Kirundo, mpaka zile nywele mbili. Saidi alikuwa analia. Mimi machozi yalikataa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kupiga kelele kwa ajili ya boliti moja iliyopotea, lakini siku ile hakuinua sauti.

"Mungevunja kiyoo, ningetafuta kiyoo," akasema. "Mungeunguza motere, ningeifungua mi mwenyewe, hata mwezi muzima. Sasa ile harufu ya bibi yake nitaitoa ku duka gani?"

Saidi alinyang'anywa funguo zote. Mwaka mzima hakugusa usukani wa gari la mteja, na hakulalamika hata siku moja. Shuka na mto Mzee alinipa mimi. Alisema nimezifua, basi ni zangu.

Nilidhani nimeelewa siku ile. Sikuelewa. Niliona aibu tu, na aibu hupoa. Kuelewa kulikuja miaka minne iliyopita, babu yako alipofariki. Unakumbuka mama yako alivyokusanya nguo zake kuzifua ili zitolewe sadaka? Alifanya vizuri, ndivyo tunavyofanya. Lakini nilimwona anainua ile ovaroli ya kazi, yenye grisi, anaipeleka kwenye beseni la sabuni, na nilipiga ukelele hadi majirani wakaja. Nilimpokonya. Mama yako mpaka leo anadhani nilichanganyikiwa na msiba. Mwache adhani hivyo. Ovaroli iko chumbani kwangu nyuma ya mlango, na kila asubuhi kabla ya kutoka huwa naishika. Inanuka grisi, jasho na tumbaku aliyoniapia kwamba ameacha. Siku ile nikiwa nimeikumbatia nilimwona Monsieur Piet akishuka na mto, na machozi niliyokuwa nadaiwa tangu ujana yakatoka.

Zile shuka ziko sandukuni. Sijawahi kuzilalia. Nikifungua sanduku, kinachonuka ni udi wangu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mtu akikuachia kitu chake, amekuachia pamoja na vumbi lake na mikunjo yake na kikombe alichokiacha hakijaoshwa. Wewe hujui kipi humo ndani ni uchafu na kipi ndicho chenye thamani. Hata yeye pengine hajui bado, atajua siku akirudi. Usijitetee kwamba hujaharibu. Mimi sikuharibu, nilitengeneza, na nilichomwondolea yule mzee hakuna fundi wa kukirudisha. Amana haikuombi uiboreshe. Inakuomba usiiguse.

Kesho asubuhi mtoe vitu vyenu kwenye kile chumba, mfunge mlango, mwagilie maua kama mlivyoagizwa na mrudi kwenu. Kile mlichokwisha kufua mmekwisha kufua. Bosi wako akirudi, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajafungua mlango, asije akagundua kwa pua.

Najua kwa nini mlilala kule. Najua pazia ni nini, lenu kama lile letu. Mungu awape wewe na mkeo chumba chenu, hata kama ni kimoja, chenye mlango unaofungwa, mgombane humo kwa sauti na mpatane kwa sauti. Awape miaka mingi humo, hadi mito yenu ishike harufu zenu zisitoke. Na atakayebaki kati yenu, Mungu amzungushie watu wasio na haraka ya kufua. Amin.