Hotpoti ya Mavyaa

Mavyaa, mamake mume wangu, kila alipokuja kwetu Kinondo kutoka Msambweni alikuja na hotpoti yake, imefungwa kwa leso. Ndani mna wali na mchuzi wa kutosha nyumba nzima. Hakunisema kwa lolote. Ataniuliza hali, atasifu mapazia, kisha atapakua chakula chake mwenyewe ndani ya nyumba yangu! Wallahi iliniuma. Nilitaka siku moja tu ale nilichopika mimi.

Na haki yake alikuwa nayo. Nilikuwa weita hotelini Diani tangu nilipomaliza shule, nikila chakula cha wafanyakazi mpaka nikaolewa. Kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja naweza, kupika, sahau. Basi nikaanza kujifunza. Wali wangu wa kwanza wa nazi ulikuwa uji, wa pili changarawe. Mume wangu, Mungu ampe umri, alikula yote akasema, "Leo afadhali." Nikamwambia hiyo afadhali yake inanitia hasira. Nikakazana kukuna nazi, kuchuja tui, kuupalia wali makaa juu ya kifuniko, mpaka siku moja ukatoka punje punje, unanukia hadi barazani. Nikampigia simu mavyaa papo hapo.

"Shikamoo mama. Jumapili njooni na mawifi, mule kwangu."

"Marahaba mwanangu. Tutakuja inshallah."

Akaja. Na hotpoti.

Nikaandaa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipojiona fundi. Nilipanga meza, vitambaa nimevikunja kama maua, uma kushoto, kisu kulia. Kila mtu na sahani yake: wali nimeushindilia kwenye kikombe ukasimama kama kichuguu, kijipande cha samaki wa kupaka pembeni, na mchuzi nimeuchora mstari tu. Kisha nikasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, nikingoja waanze!

Hakuna aliyegusa. Mavyaa akaiinamia sahani yake.

"Mwanangu, hiki ni cha kuonja, au chakula chenyewe kiko njiani?"

Wifi mdogo akaangua kicheko. Nusura nilie, nusura nigombe.

"Na wewe mbona umesimama?" mavyaa akauliza. "Sisi tunakula na nani?"

Nikajiona nilivyosimama pale, nami kicheko kikanishika. Nikatandika mkeka, nikateremsha sinia la harusi yangu ambalo halikuwa limeguswa, nikamimina sahani zote humo pamoja na wali na samaki waliobaki jikoni. Tukanawa, tukalizunguka, bismillahi. Kelele zikaanza: huyu anataka ndimu, yule pilipili. Mavyaa alikula tu, mkono ukienda na kurudi. Mara akachambua mnofu mnono wa samaki, akautoa miiba, akausukuma upande wangu wa sinia.

"Kula, mwenye nyumba."

Nikautia wote kinywani, furaha imenijaa.

Wakati wa kuaga, hotpoti ilikuwa bado imefungwa kwenye leso. Mavyaa akaingia nayo jikoni, akaifungua, akamimina chakula chake chote kwenye mabakuli yangu.

"Hiki mtakula kesho," alisema. Akaikosha, akaipangusa, kisha akaninyooshea.

"Ukoko wa wali wako umebaki sufuriani? Nitilie mwanangu. Na hao wifi zako wasione."