Ng'ombe wa kwenye gemu

Jamani, leo nimefunga breki kuwapisha ng'ombe wa kwenye gemu. Chekeni tu.

Tulitoka mgodini tukaingia kibanda cha gemu kulinganisha mashine mbili za kuchezea mbio za magari.
Ile ya zamani, kila kitu bapa kama karatasi.
Hii mpya, ukimzunguka ng'ombe unamwona mpaka mgongo, na kivuli chake kinahama!

Katikati ya mbio nikawaona wamesimama kando ya barabara, nikasimamisha gari.

"Wewe Msukuma, hao hawavuki!" mmoja akanipigia kelele.

Kibanda kizima kicheko. Nikapitwa, zamu yangu ikaisha.
Na nyumbani Samuye, kwa ng'ombe wetu, sijafika tangu masika.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Baba Ngolo, mchimbaji mwenzangu. Akanirudishia padi ya kuendeshea gari.

"Rudi ukawaone. Mbio zipo tu."

Nikawazunguka polepole, naye akaanza kuwapa majina ya ng'ombe wa kwao.