Mdogo wangu alivyomtangaza mtoto wa jirani kuwa yatima kwenye sherehe yetu ya kufungua shule

Wakuu, salaam. Poleni na mihangaiko.

Haya yametokea nyumbani kwangu, hapa Tunduma, Januari hii shule zilipokuwa zinafunguliwa. Majina nimebadilisha kwa sababu kuna mtoto ndani yake. Mengine yote ni kama yalivyokuwa. Bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia lugha ikikwaruza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu kubwa ni matrela ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nyumba yangu ina uwanja wa kutosha, basi watoto wa majirani karibu wote wanachezea kwetu.

Wazo la sherehe lilikuwa la mke wangu, Mama Joshua. Alichoka kuona watoto wananuna likizo inapoisha. Akasema, "Mwaka huu tuwafanyie kasherehe, waende shule wamechangamka."

Mpango ulikuwa rahisi. Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa, kila mtoto aje na madaftari yake tuyaweke makava pamoja. Wa kunyolewa wanyolewe, wa kusukwa wasukwe, halafu pilau na muziki.

Sasa hapa naomba mnielewe. Haikuwa misaada. Kila nyumba ilileta kitu.

Mzee wa nyumba ya pili ana ndugu Kamsamba, kunakolimwa mpunga, akaleta mchele. Jirani mwingine dada yake ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaleta maheu, kile kinywaji cha mahindi cha Wazambia ambacho watoto wetu wanakigombania kuliko soda. Mimi nikatoa nyama na spika.

Mama Atu, jirani wa ukuta kwa ukuta, anauza nyanya pale mpakani. Alileta kuku wawili, halafu akakaa kwenye kigoda kuanzia asubuhi anasuka watoto wa wenzake mpaka vidole vikamuuma. Mumewe ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo, akiondoka anaweza kukaa hata miezi miwili. Ni rafiki yangu, trela lake nimelichomelea mara nyingi tu.

Binti yao Atu anaingia darasa la nne. Siku hiyo alivaa gauni kuukuu lililochanika bega, kwa sababu mama yake alimkataza kumwagia gundi gauni zuri. Yeye ndiye alikuwa anawafundisha wadogo kukunja karatasi za kaki. Mtoto mchangamfu, ana sauti kama mwalimu.

Mchana akaja mdogo wangu wa damu, nimuite Festo. Anaishi Vwawa na mama yetu. Ana page mtandaoni, anajiita mtetezi wa watoto. Alikuja na katoni moja ya biskuti na kile kijiti cha kusimamishia simu.

Nilifurahi kumwona, nisiwe mnafiki. Alicheza na watoto, akawachekesha, akawapanga mstari wameshika biskuti akawapiga picha. Nikajua ni picha za kumbukumbu.

Baadaye alimwita Atu pembeni, kule getini. Hatukuona, tulikuwa tunapakua.

Sherehe ikaisha vizuri. Mvua ilinyesha jioni, watoto wakaondoka na madaftari yao kwenye mifuko ya nailoni, wamependeza, wameshiba.

Jumapili jioni Mama Atu akagonga mlango. Simu mkononi, spika imewashwa. Mumewe alikuwa anaongea kutoka Ndola, huko Zambia.

"Umewaambia watu nimekufa? Huyo mwanaume anayemlisha mwanangu ni nani?"

Mama Atu akaninyooshea simu. Nikaipokea.

"Baba Atu, mimi fundi hapa. Kuna nini?"

"Fundi, usiniulize mimi. Hapo ni kwako. Geti nimeliona."

Video ilikuwa imemfikia kwenye group la madereva. Mke wangu akaitafuta, tukaitazama tumesimama pale pale mlangoni.

Muziki wa huzuni. Atu na gauni lile lililochanika, biskuti mkononi. Sauti ya Festo inamuuliza, "Baba yuko wapi?" Mtoto anajibu, "Hayupo." Festo anauliza tena, "Unamkumbuka?" Atu anainamisha kichwa, machozi yanatoka. Mtoto wa dereva ukimuuliza hivyo unategemea nini?

Chini imeandikwa kwamba yatima huyu wa Tunduma leo amekula pilau kwa mara ya kwanza maishani. Halafu namba ya simu, wenye moyo wachangie.

Wakuu, kuku wa hilo pilau walitoka bandani kwa mama yake.

Nilimweleza Baba Atu hali ilivyokuwa. Alisikiliza, akasema ameelewa, akamwomba mkewe msamaha. Lakini sauti yake haikuwa sawa. Akasema anaingia Kongo, huenda asipatikane.

Nikampigia Festo. Alikuwa mtulivu kabisa.

"Kaka, punguza jazba. Watu hawachangii mtoto aliyeshiba."

"Festo, baba yake yuko hai."

"Sasa huko mtandaoni nani anamjua baba yake?"

Hiyo sentensi ndiyo iliyonimaliza.

Jumatatu asubuhi nilifunga karakana nikaenda Vwawa. Nilimkuta anakunywa chai na mama. Nikamwambia mambo mawili: afute ile video, na twende wote Tunduma akamwombe radhi yule mama na mtoto wake.

Kufuta alifuta mbele yangu. Kwenda akakataa. "Nimeshafuta, mnataka nini tena? Mimi nawasaidia watu, nyie mnanigeuza mhalifu."

Mama akaingilia. "Mwanangu, utamwaibisha mdogo wako kwa ajili ya watu baki?"

Nikamuuliza, "Mama, angekuwa Joshua kwenye ile video, na mimi ndiye nimetangazwa marehemu, ungesema hivyo?"

Alikusanya vikombe akaingia ndani. Nikarudi Tunduma peke yangu.

Na kufuta hakukusaidia, ilishazagaa. Siku hiyo hiyo ya kwanza ya shule, yakamkuta Atu darasani. Wenzake walimwita "yatima wa pilau" kutwa nzima.

Usiku, wakati wa kulala, akamuuliza mama yake kama ni kweli baba amekufa na wakubwa wanamficha. Mama yake akapiga simu ya mumewe mbele yake ili asikie sauti. Haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Mtoto akageukia ukutani.

Kesho yake alikataa kwenda shule. Mke wangu na Mama Atu walimfuata mwalimu, na mwalimu alifanya sehemu yake, aliongea na darasa. Atu akarudi shuleni, lakini hakuwa yule tuliyemzoea. Lori lolote likipiga honi barabarani alikuwa anakimbilia getini kwao.

Wiki iliyofuata Baba Atu akaingia. Alifika alfajiri, hajalala, matope mpaka magotini. Mkewe akamwambia apumzike. Akakataa, akanawa uso tu.

Saa moja kasoro nilimwona anatoka amemshika binti yake mkono, begi la shule amelibeba yeye. Hakupita njia ya mkato. Alipita barabara kubwa, anasimama kwa kila mtu, anasalimia kwa sauti, "Mimi ndiye Baba Atu, hamjambo hapa?" Mpaka muuza vitumbua alisalimiwa. Atu alikuwa anatembea anamwangalia juu usoni, hata mbele haoni.

Mwalimu alimwambia mke wangu kwamba alimfikisha mpaka mlangoni mwa darasa, akasimama pale, watoto wote wakamwona.

Mimi nilirudi karakana kwenye matrela yangu.

Nilichojifunza: ukialika watoto wa watu kwako, linda na sura zao. Mtu akitoa simu, muulize anapiga picha za nini na mzazi wa huyo mtoto yuko wapi. Hata kama ni ndugu yako. Biskuti hazimpi mtu ruhusa ya kumuua baba wa mtoto.

Festo hajaomba radhi mpaka leo. Mama anasema navunja ukoo, nimwite tuyamalize nyumbani. Nimemjibu kwamba mlango wangu haujafungwa, ila njia ya kufika kwangu inaanzia kwa Mama Atu.

Wazazi, walimu, na madereva mlioko safarini, semeni. Kama nimekaza kupita kiasi niambieni, nitasoma yote. Ila mtakaosema "ni ndugu yako tu", kwanza jiwekeni kwenye lile lori kule Ndola, mnafungua simu, mnamkuta binti yenu analia na chini yake imeandikwa yatima.