Kidani cha magamba ya sangara nilichokivaa siku ya kuonekana ukweni Butiama

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na jirani. Anayenifahamu humu atajua ni mimi, na sina shida na hilo.

Ni mwanamke, mzaliwa wa Musoma. Nilikuwaga na tezi la shingo, limevimba mpaka kifungo cha juu cha shati hakifungi. Nikafanyiwa operesheni, nikapona, namshukuru Mungu.

Ila kovu likabaki. Mstari mrefu, kutoka upande huu wa shingo mpaka ule, kama mtu alianza kunichinja akaghairi.

(Mfano mbaya, najua. Lakini kuna watu waliniambia hivyo hivyo usoni.)

Nikaanza skafu. Jua kali, skafu. Kanisani, skafu. Picha zote za simu, skafu. Hata mchumba wangu Wambura alikaa muda mrefu bila kuiona shingo yangu.

Sasa, dada yangu Nyangeta anaparaga sangara mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Nikawa naenda kukaa naye mchana, maana pale hakuna anayemwangalia mtu, macho yote yako kwenye samaki.

Kisu kikipita, magamba yanaruka. Yanamganda mikononi, kwenye nywele, mpaka shingoni.

Siku moja jua lilimpiga ubavuni, nikamwona dada yangu anang'aa mwili mzima. Sauti za watu zikawa mbali, kama nimezama majini na kule juu kuna mwanga. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

"Nyangeta, haya magamba mnayapelekaga wapi?"

"Tunatupa. Kwani wewe unataka kuyaunga nazi?"

Nikabeba mfuko mzima.

Nikayaosha kwa sabuni, nikayaloweka kwenye maji ya ndimu, nikayaosha tena, nikayaanika kwenye shuka. (Najua kuna mtu ataniuliza harufu. Inaisha, mkuu, ukiosha kweli kweli.)

Yakikauka yanakuwa magumu, yanapitisha mwanga. Ndani yake kuna miduara miduara, kama ile unayoiona ukidondosha kijiwe ziwani. Mengine nikayachovya kwenye maji ya majani ya chai, yakatoka na rangi ya asali.

Nikawa nayapanga juu ya kitanda, nayapangua, nayapanga. Mchana unapita sijala. Nilikuwa na amani ambayo nilishaisahau.

Nilitaka kiwe kidani, lakini uzi peke yake haukutosha kuyashika. Nikaenda Bunda kwa sonara mmoja, Shabani, kijana wa rika langu. Nikamwaga magamba mezani kwake.

"Dada, hapa tunatengenezaga dhahabu na fedha. Hii ni mboga."

"Nifundishe kukunja waya wa shaba tu. Mboga niachie mimi."

Akacheka, lakini akanifundisha. Nikawa naenda Bunda mara kwa mara, tunakaa meza moja, yeye na pete zake, mimi na waya wangu.

Tulipishana sehemu moja tu. Yeye alitaka kidani kiwe kipana, kifunike shingo yote. Alisema wateja wanapenda kuficha kasoro. Nikamwambia mimi nataka kipasuke katikati, magamba yakae juu na chini, na pale kati lipite kovu langu lenyewe.

"Watu wataliona," akasema.

"Ndiyo maana yake, Shabani."

Aliniangalia, kisha akaniuliza kwa upole, "Linauma bado?" Nikasema hapana. Akachukua koleo akanisaidia kukunja waya ufuate mstari wa kovu.

Ikafika siku ya Wambura kunipeleka nyumbani kwao Butiama, nikaonekane. Tulipokaribia mji wao, akasimama.

"Skafu umebeba?"

"Nimeiacha Musoma."

Akanishika mkono. "Basi twende."

Wakuu, tuliingia, nikapiga goti, nikamsalimia mama yake. Macho yake yakatua shingoni. Shangazi mmoja pembeni akasema kwa sauti, "Hee, amekuja na samaki wake!" Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Tulikula, tukatoa vyombo, bado hajaniambia neno.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwisho akaniita nje, tukasimama kwenye jua. Akanyoosha kidole, akagusa magamba, halafu akagusa kovu lenyewe. Nilisisimka. Tangu daktari, hakuna aliyeligusa.

"Nani alikukata?"

"Daktari, mama. Nilikuwa na tezi."

Akashusha pumzi.

"Mwanangu, huku tuliambiwa mengi. Kila picha umejifunga skafu shingoni. Wengine wakasema ulijinyonga ukaokolewa, wengine wakasema mwanamume alikukata kwa fumanizi. Nilishamwambia Wambura akuache. Na kama leo ungekuja umejifunga, ningerudia hapo hapo mbele yako."

Nililia pale pale uani, na yeye akanishika kichwa mpaka nikamaliza.

Mimi na Wambura tulifunga ndoa, sasa tunaishi Bunda. Natengeneza mapambo, na watu wananiletea vitu vyao wenyewe. Mama mmoja wa Suguti alileta kifungo cha shati la marehemu mumewe, nikamtengenezea hereni. Hereni moja tu, hakutaka ya pili. Akaivaa, akatoka anatembea taratibu, kichwa amekiinamisha upande ule, kama anasikiliza.

Nilichojifunza: mimi nilidhani kitambaa kinanilinda, kumbe kilikuwa kinawaachia wengine nafasi ya kunitungia habari. Pambo unalolibuni mwenyewe linaongea kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo chagua liseme nini.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kukosoa akosoe, wa kucheka acheke. Ila ningependa kusikia: wewe kitu gani kwenye mwili wako au maisha yako ungekivalisha pambo, na ungelitengeneza kwa kitu gani?