Aliyeuliza Nani Kafuma

Watu wakinisikia nikisimulia haya hucheka. Wengine huniambia jua lilinipiga kichwani. Sawa, wacheke. Lakini mimi nilikuwapo, akili zangu timamu, saa nane ya mchana, uwanja umejaa watu kama sikukuu. Sikuwa usingizini, sikuwa mgonjwa. Tena si mimi peke yangu niliyemwona. Nisikilize kwanza, halafu useme utakalo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Nilikuwa nakaa mjini, Chumbageni, mume wangu karani, na mimi nafuma vitambaa vya meza na vya viti, ile kazi ya uzi mweupe na sindano moja yenye kijindoano nchani. Nilijifunza misheni, kwetu Ubondei. Nilikuwa naweza, sikatai. Lakini fundi hasa alikuwa Perpetua.

Perpetua alikuwa Mngoni, ametoka Songea kumfuata mumewe aliyekuja kukata mkonge. Tulijuana dukani, sote wawili tumeshika bunda moja la uzi, la mwisho, kila mmoja anavuta kwake. Tukaishia kucheka na kuligawana nusu kwa nusu. Ndivyo urafiki ulivyoanza. Baadaye mumewe alihamia shamba la mkonge upande wa Mwera, na haukupita mwaka akafariki. Perpetua akabaki kule kwenye chumba kimoja cha kambi, hana mtoto, hana ndugu, anafuma.

Kila mwezi nilipanda basi la Pangani nikampelekea uzi, nikarudi na vitambaa. Nilimpa shilingi mbili kwa kimoja, mjini nauza tano. Hilo mimi silijutii sana, maana nauli yangu, uzi wangu, na jua la kuzunguka nyumba za Wahindi na Wazungu nikibisha hodi lilikuwa langu. Naye alijua. Ninalolijutia ni jingine.

Mwaka huo tukasikia kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono, uwanjani Raskazone. Mama wa Kizungu aliyesimamia alitangaza kwamba kila kitu kifungwe kikaratasi chenye bei na jina la aliyekitengeneza. Na mwanamke ambaye kazi yake itapendeza kuliko zote atachukuliwa kufundisha wenzake, kwa mshahara. Mshahara wangu mwenyewe! Nilikesha naliwaza hilo.

Nilipofika Mwera, Perpetua alinitolea kitambaa cha meza kubwa, alichokifuma miezi saba. Kimejaa mananasi, kila nanasi na majani yake, pindo lake jembamba kama povu. Nikakigeuza mbele na nyuma. Mimi nanasi hata moja sikuwahi kuliweza.

"Dada," akaniambia, "hiki usikiuze chini ya thelathini. Nataka nauli. Nimechoka kukaa kwa watu, nataka kurudi kwa mama."

"Nitauza hata thelathini na tano," nikamjibu.

"Na jina langu uliandike. Hata kisiponunuliwa, waone tu kwamba ni mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Naapa, wakati nasema vile nilikuwa nasema kweli. Ila niliona macho yake mekundu na midomo imekauka, nikamuuliza kama anaumwa. Akasema ni homa tu, itapita. Nami nilikuwa naliwahi basi.

Kikaratasi nilikiandika nyumbani, mbele ya taa. Nikaandika bei. Halafu mkono ukaandika jina langu. Nikajiambia, Perpetua si anarudi kwao Songea? Atafundisha nani huku? Pesa yake ataipata yote, senti haipungui. Jina litamfaa nini? Nawe jiulize, mtu akishaanza kujijibu maswali yake mwenyewe hivyo, unadhani kuna atakalokosa jibu lake?

Jumamosi nikapanga meza yangu. Jirani yangu wa kulia alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima kutoka Pemba, anauza mikeka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaanza kunisifia kile kitambaa. Nikanyamaza nikapokea sifa. Saa nane hivi, yule mama wa Kizungu akaja na wenzake wawili na daftari, wakasimama pembeni yangu wakikipapasa.

Nikainua macho nikamwona Perpetua.

Amesimama mbele ya meza, kajifunga kanga yake ya bluu. Sikuwaza mauti, niamini. Niliwaza basi la asubuhi. Niliwaza, amekuja kuhakikisha! Akainamisha kichwa, akaweka kidole juu ya kikaratasi, akapita herufi moja moja, maana kusoma alikuwa anasoma kwa taabu. Kidole kilipofika mwisho wa jina kikatulia pale.

Hakunisalimu. Akauliza kama mteja mgeni kabisa, "Bei gani?"

"Thelathini na tano," nikasema.

"Nani kafuma?"

Yule mama wa Kizungu alikuwa ananitazama, kalamu mkononi. Kiswahili alikielewa. Neno moja tu lilitakiwa.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Laiti angenitukana! Laiti angelipiga kelele uwanja mzima ukageuka! Alinitazama tu kama mtu aliyebisha hodi nyumba ambayo siyo. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaniwekea vidole viwili mdomoni, taratibu, kama unavyomnyamazisha mtoto. Vilikuwa vikavu, vina harufu ya uzi mpya. Akageuka akaenda, na katika ule wingi wa watu nikampoteza.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaninong'oneza, "yule bibie vipi? Mie nimempa salamu mara mbili, wala hakuitika."

Umesikia? Bi Zuhura alimwona.

Akaja mume na mke, Wazungu, wakakishika kitambaa wakauliza bei. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nikasema "karibuni", ikatoka. Nikasema "kazi ya mkono", ikatoka. Nikirudi kwenye bei, ulimi umelala kama si wangu. Bi Zuhura ndiye aliyesoma kikaratasi akauza kwa niaba yangu. Wakalipa bila kupunguziwa. Jioni ikatangazwa kwamba nimechaguliwa mimi, watu wakanipigia makofi.

Jumatatu nikaenda Mwera, pesa zote nimezifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima natunga maneno ya kumwomba radhi. Mlango wake niliukuta umefungwa kwa kamba. Akatoka jirani yake, Agata.

"Pole dada," akasema. "Tumemzika Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii iliyopita."

Nikakaa chini, mchangani. Agata akanieleza kwamba homa ilimzidi, na kila alipozinduka alikuwa anauliza jambo moja: "Wameuliza nani kafuma?" Wao hawakuelewa anasema nini. Wakawa wanamjibu ndiyo, wameuliza, ili atulie.

Siku ya pili nilimwendea yule mama wa Kizungu nikamweleza ukweli. Kazi nikanyang'anywa, na sikulalamika. Nikaenda nyumbani kwa wale walionunua, nibadilishe japo kikaratasi. Mpishi wao akaniambia wamekwishapanda meli kurudi Ulaya, na kitambaa wamekwenda nacho. Kitakuwa juu ya meza ya watu huko, na wageni wakiuliza, linatajwa jina langu.

Pesa niliwapa mapadri wazifikishe Songea. Ilirudi barua, mama yake Perpetua ameiandikisha kwa mtu. Ananishukuru kwa wema wangu, ananiombea kwa Mungu, ananiita mwanangu. Niliichoma. Sikuweza kulala nayo nyumba moja.

Na mimi tangu siku ile sijawahi kutaja bei ya kazi ya mkono. Niulize bei ya samaki nitakutajia, ya mchele nitakutajia. Shika kitambaa uniulize, utaniona natazama chini. Nimezunguka kwa waganga, nimeombewa kanisani. Wateja huniwekea wanachotaka mezani, wengine nusu, wengine robo, nami naitikia kwa kichwa. Wanadhani ni upole.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayechukua kazi ya mwenzio ukaiuze mahali asipofika. Faida kula, sikukatazi. Lakini jina lake litaje wewe mwenyewe, mapema, kabla hujaulizwa. Mimi niliulizwa mara mbili, na aliyeuliza tayari alikuwa kaburini.