Wiki Tatu za Mabua

Harufu ya mabua makavu yaliyokanyagwa na ng'ombe, yenye utamu kidogo na vumbi jingi, hunirudisha katika shamba la dani, nyanya yangu, karibu na Rangwe. Juzi niliinusa nyuma ya chuo, nikasimama hadi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Siumwi, msomaji wangu. Nina hasira, na ningependa kuieleza kwa mpangilio.

Kwetu, mavuno ya Agosti yakishatolewa, mashamba yote hufunguliwa. Ng'ombe wa kila boma huingia kula mabua popote, bila kuulizwa ni wa nani, kwa muda wa wiki tatu hivi. Kisha mipaka hurudi na kulima huanza. Kwetu sisi watoto wa shule likizo hiyo ilikuwa raha tupu, maana hapakuwa na mahali ng'ombe walipokatazwa, wala mtu wa kutufokea.

Asubuhi moja ya wiki ya pili, saa nne (ingawa nimejihoji sana kama haikuwa saa tano), alifika afisa wa kilimo mwenye karatasi pana na kalamu za rangi. Alikuwa akiigawanya lokesheni yetu katika kanda: huku miwa, huku mahindi na mtama, huku malisho. Dani alikuwa hatua kumi kutoka kwake, akitia mtama guniani. Afisa hakujua Kijaluo, na Kiswahili cha dani kilikuwa cha sokoni. Basi akaniuliza mimi, wa miaka tisa, niliyesifiwa darasani kwa kulijibu swali jinsi lilivyoulizwa.

"Hapa mnafanya nini?"

"Tunachunga ng'ombe," nikasema.

Akapaka rangi ya kahawia, akakisifu Kiswahili changu, akaenda zake.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, tulikwenda Rodi Kopany kuchukua mbegu za msaada. Dani alizihitaji kwelikweli: kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, lilikuwa limeenea shambani, na mbegu hizo zilisemekana kulistahimili. Karani alipitisha kidole kwenye orodha, akatikisa kichwa.

"Mama, upande wenu ni malisho. Nyinyi mngoje dawa ya kuogesha ng'ombe."

"Ng'ombe yangu ni mbili," dani akasema, "na hizo mbili ndio nalima nazo hiyo shamba unasema haiko."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akataka kujua kama watu wa Rangwe sasa wataletewa nyasi wapike. Karani naye akacheka, kisha akaita jina lililofuata.

Tulipanda mbegu ya zamani. Kayongo likachanua maua ya zambarau shamba zima, mazuri ya kuudhi, na mtama tuliopata haukufika Pasaka. Majirani, ambao nao walikuwa wamenyimwa, walipouliza ni nani aliyetuita wafugaji, dani aliwaambia kwamba yule afisa alikuja na karatasi iliyokwisha kupakwa rangi. Nilishangaa, kwa kuwa nilimwona akiipaka mbele yetu. Nikadhani macho ya dani yameanza kudhoofika.

Mwaka huu, katika utafiti wangu wa uzamili, nimekabidhiwa ramani ya kanda hizo kama msingi usiohitaji kuhakikiwa. Kwetu bado ni kahawia. Pembeni pameandikwa kwamba taarifa zilitokana na mahojiano na wakulima. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa. Mtu mzima, aliyesomea udongo, alimpita mkulima mwenye gunia mkononi, akamhoji mtoto mmoja, kisha akaandika wakulima, kwa wingi.

Macho ya dani hayakuwa na kasoro yoyote. Alilisikia jibu langu, na Kiswahili cha sokoni kilitosha kabisa kulielewa. Aliamua tu kwamba, katika mwaka ule wa njaa, kijiji kisijue ni nani aliyelitoa.